Kinyesi chini ya vichanja: kikinge kabla hakijafika kwenye maranda

Mkuu, umeuliza kwa nini banda lako la kuku 12 linaanza kunuka siku chache tu baada ya kumwaga maranda mapya, na kama uongeze unene wa maranda au unyunyize chokaa. Usianze na lolote kati ya hayo. Shida yako iko kwenye ukanda mmoja tu, ule ulio chini ya vichanja, yaani fito wanazolalia kuku. Sehemu kubwa ya kinyesi cha banda zima hudondoka pale usiku, kuku wakiwa wamekaa palepale mpaka alfajiri, na wewe umekiacha kichanganyike na matandiko ya sakafuni.

Kinyesi kibichi cha kuku ni maji kwa takriban robo tatu ya uzito wake. Naitrojeni iliyomo iko kwa wingi katika asidi ya yuriki, ule weupe unaouona juu ya tonge. Kikibaki na unyevu, bakteria huigeuza asidi hiyo kuwa amonia. Kikikauka mapema, kazi yao inadumaa. Kwa hiyo harufu ni habari ya unyevu kuliko wingi wa kinyesi. Na usiipime ukiwa umesimama mlangoni. Chuchumaa mpaka pua yako iwe kimo cha kuku, asubuhi kabla hujafungua madirisha. Macho yakiwasha, ujue kuku wamelala usiku kucha kwenye hewa inayoharibu vinyweleo vya koo lao la hewa, na hapo ndipo mafua yanapopata njia.

Dawa ni ubao wa kinyesi, yaani ubao unaokaa chini ya fito kukinga kinachodondoka. Kila kuku mkubwa anahitaji kama sm 25 za fito, kwa hiyo kuku 12 wanataka jumla ya mita 3. Weka fito mbili za mita 1.5, zote kwa kimo kimoja. Ukizipanga kama ngazi, kuku watagombania ya juu na wa chini watachafuliwa. Fito ya kwanza iwe sm 30 kutoka ukutani, ya pili sm 40 kutoka ya kwanza, kisha ubao uvuke sm 30 mbele yake. Unapata ubao wa mita 1 kwa mita 1.5. Wengi hukosea kwenye ule mvuko wa mbele: kuku wanaolala wameelekeza mkia huko hudondosha mbali kuliko unavyodhani, na ubao mfupi unakuachia mstari wa uchafu sakafuni.

Ubao ukae sm 20 hadi 25 chini ya fito. Ukiwa karibu zaidi, mkono wenye kikwaruzo haupiti. Ukiwa mbali zaidi, kuku wanaugeuza ghorofa ya kupekulia. Usiuinamishe ukitegemea kinyesi kiteleze chenyewe. Hakitelezi, kinaganda. Tumia plaiwudi ya mm 12 iliyopakwa rangi ya mafuta mikono miwili, kingo zake zikiwemo, maana maji huanza kupenya pembeni. Bati bapa nalo ni zuri na halinyonyi kitu, ila likipata baridi ya usiku hutoa jasho, hivyo lisikae tupu. Piga ukingo wa sm 5 mbele ili ulichomwaga juu yake kisimwagike.

Juu ya ubao weka nini? Mahali pakavu napendelea mchanga wa mto wenye chembe kubwa, unene wa sm 3. Vidonge vya kinyesi hujiviringisha ndani yake, hukauka, na asubuhi unavichekecha kwa wavu wa tundu za mm 6 kwa dakika chache. Mchanga laini wa kujengea haufai, unatoa vumbi na kugandamana. Wa baharini usiuguse kabisa: chumvi yake huvuta unyevu, na kuku wakiula mwingi unawadhuru. Lakini pale ambapo hewa ina unyevu muda wote, mchanga ukishalowa haukauki tena. Hapo tandaza maranda makavu, safu nyembamba ya kufunika tu, ukwangue kila kitu pamoja kila asubuhi kwa mwiko mpana wa plasta na kuingiza kwenye ndoo.

Kila asubuhi, nasisitiza. Kukiwa na joto na unyevu, mayai ya vimelea vya kuhara damu yaliyomo kwenye kinyesi hukomaa ndani ya siku moja au mbili na kuwa tayari kuambukiza. Nzi wa kawaida hutoka yai hadi mdudu kamili kwa siku 7 hadi 10 wakati wa joto. Anayesafisha kila Jumamosi tayari amechelewa kwa la kwanza na anakimbizana na la pili.

Sasa chokaa. Chokaa na majivu vina alkali, na alkali ndiyo inayoifukuza amonia kutoka kwenye kinyesi kibichi kwenda hewani. Ukinyunyiza juu ya kinyesi chenye maji, harufu inapanda badala ya kushuka, na chokaa kali inaunguza nyayo na macho. Vilevile usimwage dawa ya klorini juu ya uchafu. Uchafu unaimaliza nguvu, na ikikutana na amonia hutoa gesi ya sumu ukiwa ndani ya chumba kidogo. Kwangua kwanza, osha kwa maji na sabuni, suuza, kausha juani. Dawa ndiyo ya mwisho, kuku wakiwa nje. Ukitumia siki kusugulia ubao, siku hiyo klorini isikaribie.

Matundu ya hewa yawe juu ya vichwa vya kuku waliolala, pande mbili, yakiwa na wavu. Maji ya kunywa yasikae chini ya vichanja.

Fito zisipigiliwe misumari. Ziketi kwenye vishikizo vilivyokatwa kama herufi U ili uzitoe. Kwenye maungio hayo na chini ya magome ndiko utitiri mwekundu hujificha mchana na kutoka usiku kunyonya damu, kwa hiyo menya magome yote na pitisha kitambaa cheupe chini ya fito baada ya giza kuingia. Ukiona madoa mekundu, ubao msafi peke yake hautakuokoa; maungio yote yafunguliwe na kutibiwa, kisha urudie baada ya wiki moja kwa sababu mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa.

Kabla hujakwangua, tazama. Kuku huwa na tabia ya kulala mahali palepale, kwa hiyo ubao unakuonyesha nani anaumwa. Tonge la kahawia lenye weupe juu ni zima. Ule uji wa kahawia unaonata na kunuka sana, unaotokea mara chache kati ya matonge ya kawaida, pia ni wa kawaida. Unatoka kwenye utumbo kipofu, vile vifuko vilivyozibwa mwisho vinavyoungana na utumbo. Damu, maji matupu, au kijani kibichi kwa kuku asiyekula majani, mtenge siku hiyo hiyo.

Unachokusanya usikipeleke kibichi kwenye mboga, kinaunguza mizizi na kinaweza kubeba salmonela. Changanya ndoo moja na ndoo mbili au tatu za majani makavu au maranda, lowesha mpaka ukikamua kwa ngumi litoke tone moja tu, na ugeuze rundo kila joto lake linaposhuka. Rundo likinuka amonia, ongeza majani makavu. Na vaa barakoa unapokwangua vilivyokauka. Vumbi hilo si la kuvuta.