Maswali ya Wasomaji: Jicho Liwe Kwenye Bastola, Siyo Kwenye Shabaha

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa watu wanaosimamia mashindano ya bastola ya IPSC (shirikisho la kimataifa la upigaji wa vitendo), yale ya kukimbia na kubadili magazini (kasha la risasi) na kupiga kadibodi na vyuma huku taima inahesabu. Nimefurahi sana, maana wapigaji tunao wengi ila wa kushika taima tunawatafuta kwa tochi.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa mpya wa reinji (uwanja wa shabaha), nina miezi minne tu tangu nimalize kozi. Juzi nilimtoa mashindanoni mzee mmoja ambaye ndo alinifundisha kushika bastola. Alikuwa anakimbia kwenda kushoto huku anabadili magazini, mdomo wa bastola ukapita mstari ukaangalia nyuma. Hakuna risasi iliyotoka na magazini mpya ilikuwa bado mkononi. Wenzangu wanasema ningempa onyo yakaisha. Silali vizuri, nilikosea?*

Marahaba mdogo wangu. Hujakosea, na naomba ulale.

Sheria iko wazi, mdomo wa bastola ukipita nyuzi 90 kutoka kwenye tuta la mbele mtu anatoka, haijalishi risasi imetoka au haijatoka. Nafuu iliyopo ni wakati wa kuchomoa au kurudisha bastola kwenye holsta, hapo mpigaji akiwa ameangalia mbele mdomo unaruhusiwa kuelekea nyuma kidogo ilimradi usitoke nje ya mita 1 kuzunguka miguu yake. Mzee wako hakuwa anachomoa, alikuwa anakimbia. Na hiyo hoja kwamba magazini mpya ilikuwa bado mkononi haina uzito kabisa, wapigaji wengi hubadili magazini wakiwa wamebakiza risasi moja kwenye chemba, kwa hiyo ile bastola huenda ilikuwa na risasi ndani na inawaangalia ninyi mliosimama nyuma.

Kosa hilo lina mahali pake kabisa, wala halitokei ovyo. Mtu wa mkono wa kulia akikimbia kushoto mwili wote unageukia kushoto, halafu akitaka kubadili magazini anaipinda bastola ili tundu la magazini liangalie mkono wake wa kushoto, na hapo mdomo unasogea zaidi kushoto, yaani unarudi nyuma. Wa mkono wa kushoto akienda kulia ni yaleyale. Ndo maana kwenye steji yoyote (kituo kimoja cha shabaha) mimi naangalia kwanza ni wapi watu watakimbia upande huo huku wanabadili magazini, na hapo nasogea mapema ili niuone mkono. Huo mkono ndo kazi yako, tundu za kwenye kadibodi zitakusubiri, hazikimbii. Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo nilikuwa najikuta naangalia popa (shabaha ya chuma inayoanguka ikipigwa) inavyoanguka, ikafika siku nikageuza kichwa kufuata bamba la mwisho nikabaki nyuma na taima, mlio wa risasi ya mwisho haukushikwa, ikabidi yule kijana arudie steji ambayo alikuwa ameipiga vizuri kuliko wote. Mara ya pili hakuipiga hivyo. Ile sura yake bado naiona.

Kuhusu onyo, unaruhusiwa kabisa kumwambia mtu "kidole" au "mdomo" akiwa anapiga ukiona anaelekea kubaya, na haimpi haki ya kurudia steji. Lakini onyo ni kabla ya mstari. Ukishapitwa ni "simama", akitoa kidole kwenye triga unamtaka apakue, aonyeshe chemba tupu, aiweke kwenye holsta, na hapo ndo unamweleza, kwa sauti ya chini, pembeni, siyo mbele ya skwodi nzima (kundi la wapigaji wanaozunguka pamoja). Halafu mwite mkuu wa reinji. Kama mzee anaona ameonewa njia ipo, anaanzia kwako, kwa afisa mkuu wa steji, kwa mkuu wa reinji, na mwisho kamati ya usuluhishi, ila aandike rufaa yake ndani ya saa 1 tangu tukio. Wala usichukie akikata rufaa, ni haki yake.

Ukitaka kumheshimu mwalimu wako mpelekee sheria ileile unayompelekea mgeni. Mpigie simu pia, msalimie.

*Habari za kazi kaka. Klabu yetu inataka kuandaa mashindano ya kwanza, watu kama 60, siku moja. Wenzangu wanataka steji zote ziwe ndefu za risasi 32 maana ndo zinanoga. Tuanzie wapi?*

Nzuri kaka. Anzieni kwa kukataa hizo steji ndefu zote. IPSC yenyewe inapendekeza uwiano wa fupi 3, za kati 2, ndefu 1, na fupi maana yake haizidi risasi 12, ya kati haizidi 24, ndefu haizidi 32. Ukichukua steji sita kwa uwiano huo hesabu ya juu kabisa ni risasi 116 kwa mtu, inatosha kabisa kumtoa jasho. Sita zote zikiwa ndefu ni 192, na mfuko wa mtu unalia, na jua linazama mkiwa bado mnabandika stika za kuziba matundu.

Watu 60 gawa skwodi sita za watu kumikumi, kila skwodi ianze kwenye steji yake kisha wazunguke. Mimi huwa nahesabu dakika 4 mpaka 5 kwa kila mpigaji, maana kupiga kwenyewe ni sekunde ila kuhesabu pointi, kubandika, kusimamisha vyuma na kumwita anayefuata ndo vinakula muda. Kwa hiyo steji moja ni kama dakika 45, sita ni saa 4 na nusu mambo yakienda vizuri, na hayaendi vizuri yote. Kila steji maafisa wawili, mmoja taima mmoja tableti ya pointi. Wapigaji wenyewe wabandike stika, ila wasitangulie mbele ya afisa anayehesabu, stika ikiwahi kubandikwa kabla pointi haijasomwa ni ugomvi.

Sasa kwenye kujenga steji hapa naomba ukae chini na mimi kidogo. Ukimaliza kuijenga tembea ndani yake mara tatu, mara ya kwanza kama wewe, mara ya pili kama mtu wa mkono wa kushoto, mara ya tatu piga magoti kidogo uwe mfupi. Kila mahali unaposimama jiulize, nikiona shabaha hii kutoka hapa, mdomo wangu unaelekea wapi, na risasi ikipita kadibodi inaishia kwenye tuta au inapita juu? Wapigaji watatafuta upenyo ambao hukuuwaza, wana haki ya kufanya hivyo, na wakiupata baada ya watu 20 kushapiga huwezi kuhamisha pipa kimyakimya, maana steji ya mtu wa kwanza na ya mtu wa mwisho lazima iwe ileile. Dawa ni maafisa wapige wao kwanza, siku moja kabla kama inawezekana, matundu yote yaonekane mapema.

Vyuma visikaribiwe chini ya mita 7, na usitegemee watu kukumbuka, weka mstari wa ubao chini ambao hawavuki. Bamba lenye mashimo shimo litoe, vipande vinarudi. Miwani na kinga ya masikio kwa kila mtu, hata aliyekuja kutazama. Eneo la usalama liwe na alama kubwa, mtu anaruhusiwa kushika bastola yake pale lakini risasi haishikwi pale kabisa, hata ya bandia, na hilo wageni hawalijui, waambieni asubuhi. Maelezo ya steji yaandikwe na yasomwe neno kwa neno kwa kila skwodi, afisa asianze kusimulia kwa maneno yake, skwodi ya nne itasikia kitu tofauti na ya kwanza.

Na teua mtu mmoja wa vifaa ambaye hana kazi nyingine. Stika, stepla, kadibodi za akiba, betri za taima. Mashindano mengi niliyoyaona yakikwama yalikwama kwa betri.

*Mimi nilipiga A zote kwenye steji ya kadibodi 12, risasi 24, sikukosa hata moja. Jamaa aliyekuwa na C sita kanishinda, na sote tunatumia risasi za nguvu ndogo. Hesabu gani hii?*

Hesabu iko sawa ndugu yangu, ngoja tuifanye. A, eneo la katikati ya kadibodi, ni pointi 5, wewe una 120. Tuseme ulitumia sekunde 20, gawanya, unapata 6.00. Jamaa ana A 18, ni 90, na C 6, eneo linalozunguka A, ambazo kwa risasi za nguvu ndogo ni pointi 3 kila moja, jumla 108. Kama alitumia sekunde 16 anapata 6.75. Yeye anachukua pointi zote 120 za steji na wewe unachukua kwa uwiano, 106.67. Angekuwa anapiga risasi za nguvu kubwa hizo C zingekuwa 4 kila moja, angekuacha zaidi.

IPSC ilipoundwa mwaka 1976 pale Columbia, Missouri, na Jeff Cooper akawa rais wa kwanza, walichukua maneno matatu ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas, yaani usahihi, nguvu na kasi, na hii hesabu ndo inayoyapima yote matatu kwa pamoja. Ila usianze kukimbia ovyo sasa. Jamaa huyohuyo moja ya A zake ingekuwa imekosa kabisa angepoteza hiyo 5 na kukatwa 10 juu yake, abaki na 93, kwa sekunde 16 ni 5.81, na wewe ungekuwa juu yake. Tafuta zile sekunde kwenye miguu na kwenye kubadili magazini, usizitafute kwenye triga.

*Nimepiga popa, nimesikia kabisa "kling", haikuanguka. Afisa kaandika nimekosa. Haki iko wapi dada/kaka?*

Ulikuwa na njia mbili palepale. Ya kwanza ipige tena mpaka ianguke, inahesabiwa na maisha yanaendelea. Ya pili iache imesimama, maliza, halafu omba ipimwe, na hapo hakuna mtu kuigusa. Anakuja afisa aliyeteuliwa na bastola na risasi za kupimia, anapiga risasi moja kutoka karibu na pale ulipopigia wewe. Akiipiga kwenye eneo la kipimo ikaanguka, popa ilikuwa nzima, basi umekosa. Ikigoma kuanguka, unarudia steji. Upepo ukiiangusha kabla haijapimwa, unarudia pia. Kwa hiyo kama hukuomba ipimwe ikasimamishwa upya, afisa hakukuonea. Ushauri wangu, ukisikia mlio na haijalala, ongeza moja.

*Kwa nini afisa anasema "kama umemaliza, pakua na uonyeshe" wakati anaona nimemaliza?*

Kwa sababu haoni. Wewe ndo unajua kama umemaliza, na yeye akikuambia "umemaliza" kumbe kuna kadibodi moja nyuma ya ukuta hujaipiga, amekuingilia. Ukiisikia hiyo "kama" na ukakumbuka ile kadibodi, rudi kaipige, muda unaendelea kuhesabiwa mpaka risasi yako ya mwisho. Ukiwa umemaliza kweli, toa magazini, vuta slaidi, mwonyeshe chemba mpaka aone kwa macho yake, na akikuambia uachie nyundo ielekeze kwenye tuta kabla ya kuvuta triga. Usifanye haraka hapo, taima imeshasimama.