Mwanangu ana selimundu: nisaini fomu ya vinasaba?

SWALI: Shikamoo Bi Salma. Nina watoto watatu, naishi Mbagala. Kitinda mimba wangu ana selimundu. Kliniki wamenipa fomu ya utafiti wa vinasaba, wanataka kuhifadhi damu yake. Shemeji yangu anasema nikisaini tu, siri ya ukoo imekwenda Ulaya na binti yangu mkubwa hatapata mchumba wala kazi. Nisaini au niache?
Mama Nasra

JIBU: Marahaba Mama Nasra, na pole kwa kuuguza.

Kwanza, matibabu ni haki ya mtoto, utafiti ni hiari. Ukikataa fomu, kliniki na dawa zake viko palepale. Asikutishe mtu.

Shemeji yako hakuota. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia 23andMe, kampuni ya Marekani inayopima vinasaba kwa mate, wakafikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9. Mwaka 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika, wateja wakahangaika kufuta taarifa zao. Na damu ya mwanao haimsemi yeye peke yake. Akiwa SS, yaani amerithi kinasaba cha selimundu kwa mama na kwa baba, kwa kawaida wewe na baba yake wote mmebeba kinasaba hicho, hata kama hamjawahi kupima. Kweli ni siri ya nyumba nzima.

Ila sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti: zinataka ridhaa ya maandishi, na ridhaa hiyo unaweza kuiondoa. Wakikukiuka, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko.

Kwa hiyo rudi na fomu yako uulize. Kichupa kitaandikwa jina la mtoto au namba? Orodha ya kuunganisha namba na jina anakaa nayo nani? Damu inabaki Dar es Salaam au inasafirishwa, na kwa kibali cha nani? Kibali cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kiko wapi? Halafu tafuta maneno "na tafiti nyingine zijazo". Mara nyingi yamejibanza ukurasa wa nyuma. Kama huyataki, sema yafutwe kabla hujasaini, na nakala moja ibaki kwako. Wakikuharakisha eti foleni ndefu, kunja fomu uende nayo nyumbani.

Nimefanya kazi maabara miaka mingi, na siri nilizoziona zikivuja hazikuvujia kwenye kompyuta. Ni daftari la kliniki, jalada limeandikwa SS kwa kalamu nyekundu, limeachwa kwenye benchi na jirani analisoma huku akisubiri kuitwa. Wizara ikitunga sera ya faragha, ningependa ianzie kwenye jalada hilo. Wewe livishe gazeti leo leo.

Ningekuwa wewe, na majibu yakanyooka, ningesaini. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Tiba ya ugonjwa wetu haitapatikana kwa kuchunguza damu za wengine.

Binti mkubwa huenda amebeba kinasaba cha selimundu, huenda hana. Kupima kabla ya ndoa ni jambo jema, lakini aende kwa hiari yake na majibu apewe yeye. Shemeji asubiri kadi ya harusi.