Mpiga besi bora wa roki ni nani? Namjibu kijana wa Majengo

Wiki hii nimeletewa ujumbe na kijana mmoja wa Majengo: "Kaka, shikamoo. Huku kila jioni tunabishana nani mpiga besi bora wa roki duniani. Wenzangu wanasema Flea wa Red Hot Chili Peppers, mimi nasema Cliff Burton wa Metallica. Tuamulie wewe uliyepiga mahotelini." Nikamwandikia jina moja tu, John Deacon wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Akanirudishia alama za kuuliza tupu. Basi leo namjibu kwa kirefu, yeye na kila mwenye besi nyumbani anayeota jukwaa kubwa, maana najua hilo ndilo tunalolitaka sote.

Wale wengine nawapa heshima yao kwanza. John Entwistle wa The Who alipiga solo ya besi ndani ya "My Generation" mwaka 1965, enzi ambayo wapiga besi wengi walikuwa hawapewi hata nafasi ya kusikika. Jack Bruce wa Cream alisomea cello, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, na ukimsikiliza utajua, besi yake inaimba. Geddy Lee wa Rush aliimba, akapiga besi na kukanyaga kinanda cha miguu, vyote kwa mpigo mmoja. Burton alikufa mwaka 1986 katika ajali ya basi la Metallica huko Sweden, ana miaka 24 tu, na alichokiacha kwa umri ule kinatisha. Flea simsemi vibaya, dole gumba lake ni la ajabu. Anayewapenda hawa sina ugomvi naye. Nagombana na sababu mnazozitoa: kasi, noti nyingi, vidole vinavyoruka.

Mimi besi nimejifunzia kwenye harusi. Nilianza na kikundi cha taarab hapa Mombasa, na wanaojua watakubaliana nami kwamba hakuna chuo kigumu kama kile. Kina mama wameinuka kwenda kutuza, chakacha imeshika, viuno vinafuata besi yako. Ukipoteza pigo moja ukumbi mzima unalihisi, ingawa hakuna hata mmoja anayekutazama. Macho yote yako kwa mwimbaji. Nilipoanza kuvuka feri ya Likoni na gitaa mgongoni kwenda kupiga hoteli za Pwani ya Kusini, nyimbo za roki za wageni nilizipiga kwa adabu ile ile ya taarab.

Kiongozi wa bendi moja, jina lake silitaji, hakuipenda. Aliniambia mbele ya wenzangu kwamba besi yangu ni ya kizee, kwamba wageni wanataka kuona vidole. Akamweka kijana anayejua kupiga kwa dole gumba. Usiku ule nilirudi Kisiwani na pesa zangu za kazi sikupewa. Liliniuma, na linaniuma hadi leo ninapoandika.

Deacon ndiye aliyenishika mkono. "Another One Bites the Dust" ya mwaka 1980 aliiandika yeye, na ikafika namba moja Marekani. Isikilize besi ile. Noti chache, halafu kimya. Kile kimya ndicho kinachokuvuta, unasubiri besi irudi, na ikirudi mwili umeshasogea. Alikuwa amemsikiliza vizuri Bernard Edwards, mpiga besi wa bendi ya disko ya Chic, kwa hiyo msidhani vitu hivi huanguka kutoka mbinguni. Kisha njoo kwenye "Under Pressure" ya 1981: ile besi maarufu inatembea juu ya noti mbili tu, na mtu akiisikia mara moja haimtoki tena.

Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Unguja mwaka 1946, jirani yetu hapa, na hakuna mtu wa Pwani asiyelijua jina lake. Lakini ni wangapi wanaomjua aliyesimama nyuma yake tangu 1971? Deacon alisomea elektroniki. Alitengeneza amplifaya ndogo kwa vipande alivyookota kwenye taka, na Brian May, mpiga gitaa wa Queen, akaitumia kurekodia gitaa lake. Juu ya besi yake kulikuwa na sauti zilizopangwa tabaka kwa tabaka na gitaa la May lililojaza kila pembe. Angeongeza noti zake kumi pale, wimbo ungezama. Ngalawa husifiwa tanga, lakini kinachoizuia isipinduke ni mirengu. Ubora wa mpiga besi mimi naupima hapo: anajua mahali pa kutopiga?

Na si yeye peke yake aliyefichwa. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya santuri ya Motown huko Marekani, hakuwa mtu wa roki, lakini Paul McCartney wa Beatles mwenyewe amemtaja kati ya waliomwathiri sana. Alipiga kwa kidole kimoja, na kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa kwenye santuri alizozibeba.

Msimu huu nimeitwa na bendi ya roki inayopiga Nyali. Wao ndio walionitafuta, na mpiga dramu wao akaniambia, "Nikiwa na wewe, mguu wangu haupotei." Kwangu sifa hiyo inatosha.

Kwa hiyo mdogo wangu, sikiliza dramu. Simama karibu na dramu kubwa hadi uihisi kifuani. Fanya mazoezi polepole kwa metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kisha urudi kusikiliza dramu. Usikimbilie besi ya nyuzi sita; ile aliyoitoa Leo Fender, mtengeneza magitaa wa Marekani, mwaka 1951 ilikuwa na nyuzi nne, na karibu wote mnaowagombania wamejengea jina juu ya nyuzi nne. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Jamerson anajulikana kwa kutobadilisha nyuzi zake, lakini yeye hakuishi na hewa hii yetu ya chumvi. Na dramu, nasema tena, isikilize. Kijana anayetaka kuonekana kabla ya kusikika atapata makofi ya usiku mmoja, na asubuhi bendi itatafuta mwingine. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

Mkikutana jioni, wekeni video ya Queen pale uwanja wa Wembley, London, Julai 1985. Najua Freddie atawavuta macho, lakini itazameni mara ya pili kwa ajili ya Deacon peke yake, alivyosimama karibu na dramu na alivyofungamana na mguu wa mpiga dramu wao, Roger Taylor. Atakayebaki na Flea wake baada ya hapo na aje na hoja isiyokuwa ya kasi. Nitamsikiliza.