Kuweka rangi za Usambara kwenye sahani ya udongo

Ukisimama Irente, juu ya Lushoto, kiangazi kikiwa kimekolea, utadhani unahitaji rangi ishirini kuiweka nyika ya Mazinde kwenye sahani. Mimi natumia mbili, na moja naichota kando ya barabara.

Fumba macho nusu, utazame tena. Miti, mapaa ya mabati na mistari ya mkonge vyote vinapotea. Kinabaki kilima cha karibu, kizito. Cha nyuma yake, chepesi kidogo. Halafu nyika iliyofifia kwa vumbi. Hiyo inatosha. Wengi wanaoanza hukimbilia kuchora twiga na jua linalozama, halafu wanalalamika kwamba sahani yao imefanana na za vibanda vya watalii. Ingefananaje na nyingine?

Udongo mwekundu wa huku una chuma kingi. Uponde, uloweke, ukoroge, acha mchanga utuame, kisha chuja maji ya juu kwa kipande cha kanga kuukuu. Kilichopita ndicho rangi yako; kiache kitulie mpaka kiwe kizito kama uji wa mtoto. Nyeupe ni kaolini, udongo mweupe wa Pugu, karibu na Dar es Salaam, ila usiipake peke yake. Husinyaa kidogo kuliko udongo wa chombo na haishiki vizuri kwenye moto mdogo, kwa hiyo hubanduka. Changanya na udongo uleule uliofinyangia, hata kama weupe utapungua.

Paka chombo kikiwa bado na unyevu: kidole hakibonyezi, lakini ukucha unaacha alama. Kwa milima ya mbali, tia nyekundu kidogo ndani ya nyeupe. Kwa ya karibu, zidisha. Anza na rangi nyepesi, subiri mng'ao wa maji upotee, ndipo upake inayofuata. Mwisho sugua kwa kokoto laini ya mtoni.

Rangi ya udongo mbichi inadanganya sana. Ule wa manjano unaofanana kabisa na nyasi kavu hutoka motoni mwekundu, kwa sababu joto hufukuza maji yaliyofungamana na chuma chake. Manjano ya nyasi utaikaribia kwa tone la nyekundu ndani ya nyeupe nyingi. Na ukiufunika moto kwa majani au pumba, moshi ukabaki ndani, wekundu wote unageuka weusi. Wapo wanaoutaka weusi huo. Kwa mandhari ya mchana mimi siutaki. Choma vigae vidogo vya majaribio kwanza, na nyuma ya kila kimoja kwaruza jina la udongo na kipimo chake.

Kijani ni kazi nyingine. Majani yaliyopondwa huungua yakaisha. Oksidi ya shaba bila glezi, yaani ule mpako unaoyeyuka motoni ukawa kama kioo juu ya chombo, hutoka nyeusi. Ndani ya glezi, kwenye tanuri linalopata hewa ya kutosha, ndipo inapokuwa kijani. Isikae ndani ya bakuli la chakula, maana ndimu, siki na ukwaju vinaweza kuitoa shaba ikaingia kwenye mboga. Nje ya chungu cha maua haina shida.

Bluu ya anga wateja wanaipenda kuliko zote. Inatokana na kobalti, madini ambayo ni ghali, na hata gramu 1 kwenye gramu 100 za glezi inatosha kumeza kila rangi iliyo jirani. Mteja aking'ang'ania, namwekea mstari mwembamba ukingoni, na bei inapanda.