Wifi anaidharau diploma yangu

Shangazi, mimi niko Langoni, Lamu. Nimemaliza diploma ya biashara Mombasa, watoto walibaki kwa mavyaa, na sasa nauza juisi kwa wageni wa Shela. Nilipotia picha ya mahafali kwenye grupu la ukoo nikawashukuru walimu na marafiki zangu wote, wifi yangu akajibu, "Siku hizi kila nyumba ina cheti." Yeye kazi yake kushona kofia tu. Mume wangu hanitetei. Kwa nini watu hawapendi maendeleo ya wenzao?

Pole mwanangu, neno la mtu wa nyumbani huchoma. Haya, pole imeisha.

Watoto walibaki kwa mavyaa, sawa, na nyumba hiyo yuko nani? Bi mkubwa ndiye aliyekuwa akiwaogesha na kuwakimbiza madrasa? Wacha nibahatishe, ni huyo huyo wifi, na siku ya kushukuru umewakumbuka mpaka marafiki wa hosteli yeye ukamruka, halafu unaniuliza mimi kwa nini amenuna! Na mumeo kunyamaza kwake si ujinga, anajua deni liko wapi.

Halafu hiyo kazi yake unayoibeza. Umewahi kukaa na kofia ya vito mkononi, ile ya matundu yanayodariziwa kwa mkono? Tundu moja moja, sindano inazunguka, macho yanauma, ukikosea hesabu unafumua, kofia moja inakula mwezi na zaidi, na mwanamume akiivaa siku ya Maulidi anatembea kama ameoa jana. Hakuna anayemfanyia mahafali. Hasidi wa kweli wapo, sikatai, ila wengi wanaoponda ya wenzao ni watu ambao yao hayajatajwa hata siku moja, na hawamuonei gere gavana wala tajiri wa mbali, wanamuonea wa chungu kimoja kwa sababu ndiye wanayepimwa naye kila siku. Ndoa za siku hizi nazo tabu, sherehe zote ziko kwenye simu, asante ya uso kwa uso hakuna.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa wifi yako bila simu, mpelekee juisi, mwambie asante kwa watoto, neno "lakini" usilitie. Kisha muagizie mumeo kofia, ulipe bei yake kamili, na punguzo usithubutu kuomba.