Mechi mbili tu za Kenya: alipenyezwa, au alistahili?

Mleta uzi anauliza kama mtu aliyechezea Kenya mechi mbili tu za kriketi za siku moja aitwe mchezaji wa taifa, au alipenyezwa tu. Nimecheza klabu na mmoja wa hao hapa Nakuru. Jina lake nitalihifadhi, hapendi.

Alikuwa anaboli (anamrushia mpira mpigaji) spini, mipira ya polepole inayozungushwa na kukata ikidunda, kwa mkono wa kushoto, mpira unakukwepa kama mtu mwenye deni lako. Jumapili anapanda matatu saa kumi na moja alfajiri, kilomita kama 160 hadi Nairobi, maana huko ndiko wachaguzi walikokaa. Nauli yake mwenyewe, na Jumatatu yuko kazini.

Sasa angalia foleni aliyoikuta. Mbele yake kulikuwa na Aasif Karim wa timu ya Kenya, naye spini ya mkono uleule wa kushoto. Mzee alikuwa ameshastaafu, akarudi Kombe la Dunia 2003 akawabana Australia pale Durban: ova 8.2 (ova ni mipira sita), akaruhusu mikimbio (pointi) 7 tu, akachukua wiketi 3, yaani akawatoa wapigaji watatu. Kando yake Collins Obuya, aliyewang'oa Sri Lanka watano kwa mikimbio 24 pale uwanja wa Gymkhana, Nairobi. Hata Steve Tikolo, ambaye kazi yake ilikuwa kubati (kupiga mpira kwa gongo), alikuwa anaboli spini. Wewe ungemtoa nani?

Karim akatundika viatu, tukasema zamu imefika. Ndipo mechi zikakauka. Timu iliyotoka nusu fainali ya Kombe la Dunia ilicheza mechi mbili za siku moja mwaka 2004, na 2005 haikucheza hata moja! Juu ya hapo, wachezaji wakagoma. Miaka yake mizuri iliishia kwenye kusubiri.

Alipoitwa, mechi ya kwanza alipewa ova tatu. Sisi tulizoea kucheza juu ya mkeka uliotandikwa uwanjani, mpira ukigusa unaruka na kukata. Kule kwenye nyasi ngumu ukawa unateleza tu mpaka kwenye gongo. Ya pili hakupewa mpira kabisa. Baada ya hapo kimya, hata simu hakupigiwa.

Kwa hiyo ndugu, usimhesabie mechi bila kuhesabu ratiba. Na tangu Kenya ipoteze hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja Januari 2014, vijana wetu hata hizo mbili hawazipati.

Yeye bado anafundisha watoto Jumamosi. Ukimuuliza alipata wiketi ngapi, atakusimulia kechi iliyoangushwa kwenye slipu (mdakaji anayesimama nyuma ya mpigaji), na atakuonyesha kwa mikono ilivyokuwa rahisi.