Muulize Mzee wa Rigi: Nani alipie kisima kisicho na mvuke?

Toleo lililopita niliandika kwamba zaidi ya asilimia 40 ya stima inayozalishwa Kenya hutoka kwenye mvuke wa Bonde la Ufa, yaani jotoardhi, mvuke wa moto unaochimbwa chini ya ardhi, na barua zimemiminika. Nimechagua nne. Wale mliouliza kama naweza kuwatafutia kazi Olkaria, kule kwenye visima na mitambo ya mvuke karibu na Naivasha, nimestaafu, na hata nilipokuwa kwenye rigi, ile mashine ya kuchimba visima, sikuwahi kuwa na kazi za kugawa.

Mzee, ninaishi Nakuru, chini ya volkano ya Menengai. Serikali imechimba visima kwa pesa zetu, sasa nasikia mitambo ya stima ni ya kampuni za watu binafsi. Kwa nini sisi tulime, wengine wavune?
*Mlipa kodi, Nakuru*

Mlipa kodi, hapo ndipo penye sera yote ya mvuke, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Kisima kimoja hushuka mita 2,000 hadi 3,000. Rigi hailali. Ni zamu kwa zamu, wiki baada ya wiki, dizeli inaungua, maji yanasukumwa shimoni bila kukoma, mabomba ya chuma yanashushwa na kushikizwa kwa saruji. Gharama yake huhesabiwa kwa mamilioni ya dola. Mkishamaliza mnafunga vali, mnakiacha kisima kipate joto, kisha siku ya kukifungua ndipo mnajua mlichokuwa mkichimba. Nimesimama kando ya visima vilivyonguruma mpaka kifua kikatetemeka na watu wazima wakakumbatiana. Nimesimama pia kando ya kisima kilichotoa maji ya uvuguvugu tu, tukakusanya vifaa bila mtu kumtazama mwenzake. Vyote viwili viliramba dizeli ile ile na saruji ile ile.

Sasa nenda benki ukaombe mkopo wa kuchimba. Meneja atauliza una dhamana gani. Utamwambia una dalili: kuna volkano, kuna gesi inayofuka, wanajiolojia wamepima wakaridhika. Atakunywesha chai, kisha akusindikize mpaka mlangoni. Benki hukopesha mtambo, maana mtambo una mvuke uliokwisha kupimwa na mnunuzi aliyekwisha kutia sahihi. Shimo ambalo bado halijachimbwa halina mkopeshaji. Mwekezaji binafsi akipewa leseni peke yake, bila mtu wa kumsaidia kubeba hasara ya shimo, leseni hiyo inaweza kukaa kabatini miaka na miaka.

Tazama tulikotoka. Olkaria ilianza kuchimbwa miaka ya 1950, visima viwili vya mwanzo havikuzaa kitu, kazi ikalala. Iliamshwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mtambo wa kwanza, megawati 15, ukaanza kuzalisha 1981. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya rasilimali za jotoardhi, ambayo iliweka mvuke wa chini ya ardhi mikononi mwa serikali hata kama shamba la juu ni lako. Sheria tulikuwa nayo, basi. Hata hivyo, baada ya mtambo wa tatu kuwashwa 1985, serikali haikuongeza mwingine Olkaria mpaka 2003. Katikati hapo wafadhili walifunga mifuko, na ukame wa 1999 na 2000 ukakausha mabwawa mpaka stima ikawa ya mgao. Wenye umri wangu wanakumbuka mishumaa.

Mwaka 2008 ndipo likaundwa shirika la serikali la jotoardhi, GDC. Kazi yake ni kuibeba ile hatari ambayo benki inaikimbia: kuchunguza, kuchimba, kupima, kisha kuuza mvuke uliopatikana. Rigi iliingia Menengai 2011. Kampuni tatu zikapewa nafasi ya kujenga mitambo ya megawati 35 kila mmoja. Mpango ni zinunue mvuke kwa GDC na kuiuzia stima Kenya Power, kampuni inayosambaza stima. Kwa hiyo hawavuni bure. Mvuke wanaoutumia wanaulipia, na pesa hiyo ndiyo inayotakiwa kurudi kuchimba kwingine. Serikali ingejenga na mitambo pia, ingehitaji kukopa mara ya pili kwa kazi ambayo wapo wengi walio tayari kuifanya. Mimi naona mgawanyo huo ni wa busara.

Kinachonikera ni muda. Mtambo wa kwanza wa Menengai uliingia kwenye gridi 2023. Miaka 12! Mvuke ulikwisha kupatikana na kupimwa zamani. Kilichokosekana ni makaratasi: barua za serikali za kuwatuliza wakopeshaji, mikataba, sahihi moja ikisubiri nyingine. Visima vilikaa na vali zimefungwa, lakini riba ya mkopo haina vali. Serikali ilikuwa na ujasiri wa kutoboa ardhi, ikaja kukwama kwenye meza zake yenyewe.

Bei nayo ilikuwa kivutio. Sera ya 2012 ilitangaza mapema kwamba mtambo wa jotoardhi wa megawati 35 hadi 70 utalipwa senti 8.8 za dola kwa uniti, ili mwekezaji apige hesabu zake kabla hajapanda ndege. Vizuri. Ila bei nzuri haimsaidii mtu aliyekaa miaka akisubiri barua moja.

Olkaria, KenGen, kampuni ya kuzalisha stima, walipata njia ya kupunguza kusubiri. Waliweka mitambo midogo kwenye kichwa cha kisima, pale pale mvuke unapotokea, ya megawati chache tu, kisima kikaanza kuingiza pesa huku mtambo mkubwa ukijengwa. Ningepewa nafasi ya kuongeza mstari mmoja kwenye sera ya taifa, ningeandika kwamba kisima kilichopimwa kikafaa kisikae zaidi ya miaka miwili bila kazi, na atakayekikalisha aeleze Bungeni.

Mimi ni mama wa mbuzi, Tiaty, upande wa Mlima Paka. Walipokuja kuchimba tulipata barabara na maji, tunashukuru. Sasa wanasiasa wanatuambia mvuke ukianza kuuzwa tutatajirika kwa sababu asilimia tano ni yetu. Asilimia tano ya nini?
*Mama wa Paka, Baringo*

Mama, mtafute mtoto mwenye kalamu mpige hesabu pamoja.

Sheria ya Nishati ya 2019 inasema mwenye leseni ya mvuke atalipa mrabaha, yaani ada ya kutumia mali ya umma. Miaka kumi ya kwanza mrabaha huo ni kati ya asilimia 1 na 2.5 ya thamani ya nishati pale kwenye kichwa cha kisima. Baada ya hapo ni kati ya asilimia 2 na 5. Mrabaha wenyewe ndio unaogawanywa: serikali kuu asilimia 75, kaunti asilimia 20, jamii ya eneo asilimia 5. Yaani hiyo tano yenu ni ya mrabaha. Si ya mvuke, wala si ya stima.

Tuseme, kwa mfano tu, mvuke wa Paka umefikia thamani ya shilingi bilioni moja kwa mwaka. Mrabaha wa asilimia 2.5 ni milioni 25. Serikali kuu inachukua milioni 18.75, kaunti milioni 5, ninyi milioni 1 na robo. Kwa eneo zima, Mama, si kwa boma lako. Kama leseni iko kwenye kile kiwango cha chini cha asilimia 1, jamii inapata nusu milioni. Hiyo ni pesa ya karo za watoto kadhaa au ya kukarabati zahanati. Atakayewaambia ni utajiri, mwambieni awaandikie kwenye karatasi na aweke sahihi.

Mimi naona fungu hilo ni dogo mno, na nimelisema hili mbele ya wakubwa zangu nikiwa bado kazini, wakacheka. Lakini iwe ndogo au kubwa, msikae tu kuisubiri. Mambo yatakayobadilisha maisha yenu mapema zaidi ni yale mnayoweza kuyadai wakati mradi bado unawahitaji: vituo vya maji viendelee kufanya kazi hata rigi ikihama, vijana wenu wapelekwe kusomea kuchomelea na kuendesha mitambo, njia za mifugo zisikatwe na mabomba. Mabomba ya mvuke yanaweza kuinuliwa au kufukiwa mahali ng'ombe na mbuzi wanapopita, lakini ni mpaka mtu aseme kabla mchoro haujapitishwa.

Mkiambiwa mhame, kumbukeni ya Olkaria. Mwaka 2014 familia kama 150 za Wamaasai zilihamishwa kupisha mradi wa Olkaria IV, wakajengewa nyumba mahali panapoitwa RAPland. Nyumba zilikuwepo. Malalamiko yakawa juu ya ardhi yenyewe, hati, barabara, na nani alihesabiwa na nani aliachwa, mpaka yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na upatanishi ukafanywa wakati watu wamekwisha kuhama. Ninyi hati iwe mkononi kwanza, na orodha ya majina isomwe hadharani chini ya mti, wazee na akina mama wakiwepo.

Mzee, kama mvuke ni wetu na haununuliwi ng'ambo, mbona tokeni za mia tano haziishi wiki?
*Kijana wa Kitengela*

Kijana, mvuke ni bure, lakini bomba, kisima na mtambo si bure, na vingi vililipiwa kwa mikopo ya dola na yuro. Shilingi ikiteleza, utaiona kwenye risiti, ule mstari wa fedha za kigeni. Juu yake kuna kodi ya thamani ya ziada asilimia 16, tozo ya kupeleka stima vijijini asilimia 5, na gharama ya mafuta, kwa sababu jioni nchi nzima ikiwasha taa, mashine za mafuta mazito huitwa kusaidia.

Usiku wa manane mambo hugeuka. Watu wamelala, viwanda vingi vimefungwa, na kule Olkaria mvuke mzuri unaachiwa hewani kwa kukosa mtumiaji. Nimeusikia ukilia saa nane za usiku, na nakuambia inauma. Mtambo wa mvuke hauzimwi na kuwashwa kama balbu. Ndiyo sababu tangu 2017 viwanda vinavyofanya kazi usiku vimewekewa punguzo. Mimi ningelipeleka mbali zaidi: mwenye bodaboda ya betri achaji usiku nyumbani kwake kwa bei ya chini, na wewe pia upigie nguo pasi saa tano usiku ukipenda. Kuhamasisha uchimbaji bila kuhamasisha matumizi ni kazi nusu. Shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilionyesha njia miaka ya 2000 lilipotumia joto la kisima kupasha nyumba za maua. Huko Eburru watu walikuwa wakitega mvuke wa ardhini kupata maji ya kunywa hata kabla ya mtambo kufika. Hao hawakusubiri gridi.

Shikamoo Mzee. Nipo Rungwe, Tanzania, nina shamba la ndizi na kahawa. Tunasikia jotoardhi ya Ngozi na Kiejo-Mbaka tangu zamani, ninyi Kenya mmefika mbali. Sisi tumekwama wapi? Na kuna dalali anataka shamba langu, anasema likipatikana joto bei itapanda. Nifanyeje?
*Mkulima, Rungwe*

Marahaba, ndugu yangu. Hamkukwama, mmechelewa kuanza. Kampuni yenu ya jotoardhi, TGDC, iliyo chini ya shirika la umeme TANESCO, ilianzishwa 2013, wakati sisi tulikuwa na miaka zaidi ya 30 ya kuzalisha. Kwa muda mrefu jotoardhi kwenu haikuwa na sheria yake yenyewe. Halafu mna gesi asilia, na sasa mna bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Serikali yenye maji ya kutosha haisikii baridi ya kukosa mvuke. Sisi tulisukumwa na ukame. Hata hivyo ule mfuko wa Umoja wa Afrika wa kupunguza hatari za jotoardhi, ulioanza 2012 kwa pesa za Ujerumani na Ulaya, umeisaidia miradi yenu pia. Huo hulipa mpaka asilimia 80 ya uchunguzi wa juu ya ardhi na asilimia 40 ya uchimbaji wa visima, na hapo ndipo kila nchi ya Bonde la Ufa inapohitaji kushikwa mkono.

Kuhusu shamba, usiuze kwa maneno ya dalali. Joto likipatikana halitakuwa lako wala lake. Ardhi ikitwaliwa, kinachofidiwa ni ardhi na kilicho juu yake, yaani kahawa, migomba na nyumba, na mwenye kulipwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye karatasi siku ya tathmini. Yeye analijua hilo, ndiyo maana ana haraka. Nenda ofisi ya kijiji, kisha idara ya ardhi ya halmashauri, uulize kama kuna barua yoyote ya utwaaji inayotaja kitongoji chako. Fanya hivyo kabla hujanywa soda yake.